Mgonjwa wa Pumu Anapokimbia Chumba Chake

Wakati wa kiangazi, mvua zikishakatika, si ajabu kupita jioni katika miji ya Nyansurura na vijiji vingine vya wilaya za Serengeti na Tarime ukakuta mkeka umetandikwa uani. Wengine hulala nje kwa sababu ya joto, wengine kwa sababu ya kulinda mifugo. Lakini wako wanaolala nje kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba ndani hawapumui. Mama humwambia mtoto, "Toka mwanangu, ukalale barazani na babu yako, kifua kitafunguka." Na mara nyingi kweli kinafunguka.

Wazazi hutuuliza kama jambo hilo lafaa au lina madhara. Jibu letu ni refu kidogo, kwa sababu lafaa kwa upande mmoja na lina hatari kwa upande mwingine. Neno kubwa tunalotaka familia ilishike ni hili: mtu anayebanwa kifua akiwa ndani na kufunguka akiwa nje amepata habari muhimu kuhusu chumba chake. Kuna kitu mle ndani kinachomdhuru. Wengi wetu huichukua habari hiyo na kumhamisha mgonjwa, huku kile kilichomdhuru tukikiacha palepale kitandani kikimsubiri. Vuli ikianza mwezi wa Oktoba, mkeka unakunjwa, mtoto anarudi ndani, na usiku uleule mluzi wa kifua unasikika tena.

Kifua chenye pumu

Ndani ya mapafu kuna mirija ya hewa inayogawanyika kama matawi ya mti. Kwa mgonjwa wa pumu mirija hiyo ina uvimbe kwa ndani, hata siku anazojisikia mzima kabisa. Ikichokozwa, misuli inayoizunguka hujikaza, utando wake huvimba zaidi, na makohozi mazito huiziba. Hewa huingia kwa taabu na hutoka kwa taabu zaidi, ndiyo maana mgonjwa hulia kama filimbi anapotoa pumzi. Pumu haiambukizi. Mtoto mwenye pumu anaweza kula sahani moja na wenzake na kulala nao bila kuwadhuru.

Tusiudharau ugonjwa huu kwa kuwa unakuja na kuondoka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwayo mwaka huo. Wengi wa waliokufa walikuwa katika nchi za kipato kidogo kama zetu, ambako mgonjwa hapati dawa inayofaa au anaipata na kuitumia vibaya.

Vitu vinavyoichokoza mirija ni vingi: mafua, moshi, hewa ya baridi, kukimbia, harufu kali, hata hasira na kicheko. Lakini kwa wagonjwa wengi, hasa watoto, mchokozi mkubwa ni mzio, yaani mwili kukosea na kukipokea kitu kisicho na sumu kana kwamba ni adui. Na vitu vingi vinavyoleta mzio huo vinakaa nasi nyumbani.

Utitiri usioonekana

Kila anayefuga kuku anaujua utitiri, wale wadudu wadogo wanaopanda mkononi unapookota mayai. Wako ndugu zao wadogo zaidi, wasioonekana kwa macho, urefu wao karibu theluthi moja ya milimita. Hawa hawaumi wala hawanyonyi damu. Wanakula magamba madogo ya ngozi yanayotudondoka tunapolala, kwa hiyo makao yao ni godoro, mto, blanketi na rundo la nguo kuukuu. Katika miaka ya 1960 daktari Reindert Voorhorst na wenzake katika mji wa Leiden, Uholanzi, ndio walioonyesha kwamba wadudu hawa ni chanzo kikubwa cha mzio wa vumbi la nyumbani. Kinachodhuru hasa ni kinyesi chao. Hukauka, hugeuka vumbi, na mgonjwa anapojigeuza kitandani humfukia puani.

Utitiri huu una udhaifu mmoja ambao yafaa kila familia iujue. Haunywi maji, hupata maji kwa kufyonza unyevu ulio hewani. Hewa ikiwa kavu kwa muda mrefu, hufa. Katika godoro sisi wenyewe ndio tunaounywesha, maana kila usiku mtu hutoa jasho na pumzi yenye mvuke.

Hapo ndipo tunapoelewa kwa nini mkeka wa uani huleta nafuu. Mkeka haukuhifadhi vumbi la miaka, upepo unachukua kilichopo, na moshi wa jikoni umebaki nyuma. Wazungu walikuwa na njia yao ya jambo hilihili. Kwa miaka mingi watoto wenye pumu walipelekwa Misurina, katika milima ya Italia, mahali palipo juu zaidi ya mita 1,700, ambako hewa kavu haiwapi utitiri nafasi. Baada ya wiki kadhaa vifua vyao vilitulia na mahitaji yao ya dawa yalipungua. Waliporudi kwenye nyumba zao za tambarare, wengi waliumwa tena.

Msomaji anaweza kusema, "Mbona sisi nasi tuko juu?" Ni kweli, hata ufuko wa Ziwa Viktoria uko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na vilima vya Tarime viko juu zaidi. Lakini kinachoua utitiri ni ukavu, wala si urefu wa mlima peke yake. Nyumba yetu yenye sakafu ya udongo, dirisha dogo na watu watano chumbani wakati wa masika ni pepo ya utitiri.

Chumba cha kwetu

Karibu nasi, mjini Nairobi, waliwahi kulichunguza jambo hili kwa makini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Walichukua watoto wa shule 77 wenye pumu, wa umri wa miaka 9 hadi 11, wakawalinganisha na wengine 77 wasio nayo, kisha wakaenda kuziangalia nyumba zao. Vitu vitatu vilijitokeza zaidi kwa wenye pumu: unyevu ulioharibu mahali anapolala mtoto, moshi na hewa chafu ndani ya nyumba, na zulia chumbani. Sisi zulia hatuna, wengi wetu. Unyevu na moshi tunavyo.

Tena tuna vya kwetu ambavyo watu wa Nairobi hawanavyo. Katika nyumba nyingi chumba anacholala mtoto ndicho ghala. Magunia ya mahindi, mtama na ulezi yamepangwa ukutani, na kila gunia linapotikiswa hutoa vumbi lenye mabaki ya wadudu wa nafaka, ukungu, na ile dawa ya unga tunayochanganya kuzuia dumuzi. Kuku na vifaranga hulala chini ya kitanda kwa kuogopa wezi na kicheche. Mbuzi mwenye mimba au ndama mchanga huingizwa ndani kwa kuogopa fisi. Mende wamejaa kwenye makabati na nyufa, na mabaki yao nayo ni mchokozi mkubwa wa pumu. Katikati ya yote hayo kuna mafiga, na ukuta umekuwa mweusi mpaka kwenye paa. Ukiupangusa ukuta huo kwa kidole utaona kile ambacho mtoto anakivuta usiku.

Hatusemi kwamba mifugo ni adui. Uchunguzi uliofanywa kwa watoto wa wakulima katika Ujerumani, Austria na Uswisi ulionyesha kuwa wanaokulia karibu na zizi tangu uchanga hupata pumu na mizio kidogo kuliko wenzao. Lakini kukua karibu na zizi ni jambo moja, na mtu ambaye tayari ana pumu kulala chumba kimoja na beberu ni jambo jingine.

Tukumbuke pia kwamba kulala nje kukimbia nyumba si jambo geni Afrika Mashariki. Wazee walikimbia papasi, wale kupe wa kwenye nyufa za sakafu ya udongo wanaoleta homa ya papasi. Robert Koch alipokuja katika Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1905 aliuchunguza ugonjwa huo, na wasafiri walifundishwa kuepuka vibanda vikuukuu vya njiani. Hata hapo dawa ya kudumu ilikuwa nyumba bora yenye sakafu isiyo na nyufa.

Nje nako kuna yake

Sasa tutazame upande wa pili. Mbu wa malaria huuma usiku, na wako wa aina ambayo hupenda kuuma watu na ng'ombe walio nje. Mtoto aliyetolewa nje bila chandarua kwa ajili ya pumu anaweza kupona kifua wiki hii na kulazwa kwa malaria wiki inayofuata. Kwa mtoto mdogo malaria huweza kuua upesi. Hatuoni kwamba huo ni ubadilishanaji wa haki.

Tena watu wanaolala nje hupenda kuwasha samadi kavu ili moshi ufukuze mbu. Mgonjwa amekimbia moshi wa jikoni, akawashiwa mwingine karibu na kichwa! Dawa za mbu za kuchoma, zile za mzunguko, nazo hutoa moshi unaochokoza mirija.

Baridi nayo isisahaulike. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi katika nchi yetu, na hewa baridi ikiingia ghafla kifuani hukaza mirija. Miezi hiyohiyo ndipo nyasi zinapochomwa, na moshi wake hutanda chini mpaka asubuhi. Mwisho wa mvua nyasi na mahindi huchanua, na wenye mzio wa chavua huumia nje kuliko ndani. Nyoka, na fisi katika vijiji vilivyo karibu na hifadhi, wenyeji hawahitaji kufundishwa na sisi.

Kwa hiyo tunashauri kulala nje kuchukuliwe kama kipimo cha siku chache, au kimbilio la muda wakati chumba kinatengenezwa. Kusiwe makazi. Na kuna watu ambao hatushauri wajaribiwe kwa njia hiyo kabisa: watoto wa chini ya miaka mitano, wajawazito, na yeyote aliyewahi kulazwa kwa kubanwa sana.

Kabla ya kutoka nje, anza na jaribio jepesi zaidi. Mhamishe mgonjwa kwenye chumba kingine cha nyumba hiyohiyo ambacho hakina nafaka, hakina kuku, hakipikiwi, na alale kwenye mkeka mpya au uliooshwa. Kama hakuna chumba kama hicho, ndipo utumie baraza. Alale juu ya kitanda cha kamba, asilale chini. Chandarua chenye dawa kifungwe kwenye miti minne na kuchomekwa pande zote chini ya mkeka. Awepo mtu mzima karibu, na pampu yake ya kuvuta iwe mahali anapoweza kuifikia gizani. Ajifunike vizuri, na kama hewa ni ya baridi ajifunge kitambaa chepesi puani.

Chukueni daftari la shule. Kila asubuhi kwa wiki moja ya kulala ndani, kisha wiki moja ya kulala nje, mwandike ameamka mara ngapi kwa kukohoa, na ametumia pampu mara ngapi. Wiki mbili za daftari humsaidia mganga kuliko maelezo ya kukumbuka. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu pumu ina desturi ya kuzidi usiku, hasa kuelekea alfajiri, hata katika chumba kisafi, kwa kuwa ndivyo mwili ulivyo saa hizo. Kuumwa usiku mmoja ndani na kupona usiku mmoja nje hakuthibitishi kitu.

Kukitengeneza chumba

Daftari likionyesha kuwa ndani ndiko kunakodhuru, kazi inaanza. Kitu cha kwanza ni moto. Kama kuna jambo moja tu familia inaweza kulifanya mwaka huu, basi mafiga yatoke katika nyumba ya kulala. Jiko la pembeni, hata la miti na nyasi, ni dawa ya kifua cha mgonjwa, na cha mama mpishi pia, ambaye moshi unamharibu mapafu taratibu bila yeye kujua. Isipowezekana mara moja, kuni zikaushwe vizuri, jiko liwe karibu na mlango, na mgonjwa asikae humo wakati wa kupika.

Kisha watoke kuku na mbuzi. Tunajua hofu ya wezi ni ya kweli. Banda dogo la mabanzi lililoegemezwa ukutani kwa nje, lenye mlango wa kufungia ndani ya uzio, limesaidia wengi. Nafaka nayo ihamie kwenye ghala au chumba kingine. Mpaka hapo hamjatumia fedha nyingi, na chumba kimeshapungua vumbi kwa kiasi kikubwa.

Kitanda ndicho kazi ndefu. Godoro litolewe nje lianikwe juani tangu asubuhi mpaka alasiri, ligeuzwe pande zote mbili. Huko Sydney, Australia, mwaka 1994 watafiti waliripoti kwamba mazulia yaliyoanikwa kwenye jua kali yalikauka na utitiri wote uliokuwamo ukafa. Jua la kwetu tunalo bure! Lakini jua huua mdudu tu, halikiondoi kinyesi chake, kwa hiyo godoro lipigwe kwa fimbo mpaka vumbi liishe, na anayepiga awe mtu mwenye kifua kizima, asimame upande upepo unakotoka. Mgonjwa akae mbali. Mashuka na mablanketi yafuliwe kwa maji ya moto ambayo mkono hauyavumilii, kila wiki kama maji yapo, kisha yaanikwe juani. Mto wa sufi wa miaka kumi utupwe. Kitambaa kisafi kilichokunjwa kinatosha kuwekea kichwa.

Wenye uwezo wanaweza kulifunika godoro lote kwa nailoni nzito, mishono ikafungwa kwa utepe wa gundi, kisha juu yake ukatandikwa mkeka. Tuseme ukweli, wapo wanaofunika godoro na kuacha mengine yote, halafu wanalalamika kwamba hawakupona. Tafiti nyingi zimeonyesha kuwa hatua moja peke yake haileti nafuu ya kuonekana. Ni lazima moshi, vumbi, unyevu na wadudu vishughulikiwe pamoja, na dawa iendelee kutumika.

Sakafu inyunyiziwe maji kabla ya kufagia, na mgonjwa asifagie yeye. Mabaki ya chakula yafunikwe ili mende wakose riziki, na nyufa za ukuta zizibwe kwa udongo. Dirisha lipanuliwe, mwanga na upepo ni maadui wa unyevu. Maji ya mvua yachimbiwe mfereji yasituame kando ya ukuta. Chandarua nacho hushika vumbi, kwa hiyo kifuliwe taratibu kwa sabuni ya kawaida kila baada ya miezi mitatu hivi na kuanikwa kivulini, maana jua hupunguza nguvu ya dawa yake. Kikiwa kipya, kitundike kivulini siku moja nzima kabla ya kukitumia, ili harufu ipungue isimchokoze mgonjwa.

Si kila kifua ni pumu

Kuna wazee ambao nao hutoka nje usiku kutafuta hewa, na jamaa wakadhani ni vumbi la chumbani. Mzee amelala saa moja au mbili, anashtuka amekabwa, anakaa kitako, anafungua mlango. Mtazameni miguu. Kama imevimba, na kama hawezi kulala bila kuinua kichwa kwa mito mingi, huenda tatizo ni la moyo. Huyo hata mumtandikie mlimani hatapona, anahitaji hospitali.

Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, kipimwe makohozi kwa ajili ya kifua kikuu. Vipimo na dawa zake hutolewa bure. Zamani wagonjwa wa kifua kikuu walitunzwa katika hewa safi ya mlimani, na hospitali yetu ya Kibong'oto, Kilimanjaro, ilianza kazi hiyo mwaka 1926. Siku hizi kinachowaponya ni vidonge vinavyomezwa miezi kadhaa bila kukatisha. Wachimbaji wadogo wa dhahabu na wanaosaga mawe wana ugonjwa wao wa mapafu utokanao na vumbi la mawe, ambao haufunguki kwa kuhama chumba. Na mtoto mdogo mwenye homa anayepumua haraka, mara 50 au zaidi kwa dakika akiwa na miezi 2 hadi 11, au mara 40 au zaidi akiwa na mwaka 1 hadi 5, huenda ana nimonia. Apelekwe siku hiyohiyo.

Dawa na chupa ya soda

Kuna dawa mbili za kuvuta ambazo mgonjwa wa pumu yafaa azijue kwa tofauti zake. Ya kwanza ni ya kufungua, salbutamol, ambayo hulegeza misuli ya mirija kwa dakika chache. Ya pili ni ya kuzuia, kama beclometasone au budesonide, ambayo huupunguza ule uvimbe wa ndani kidogo kidogo, na hutumika kila siku hata kama mtu hajisikii vibaya. Anayeitegemea ya kufungua peke yake, akaivuta mara kwa mara kila wiki, anazima moshi na kuuacha moto. Amwone mganga amwanzishie ya kuzuia. Vidonge vya salbutamol vinavyouzwa madukani hufanya kazi polepole kuliko pampu, na huleta mtetemo wa mikono na moyo kwenda mbio.

Lipo neno linalozunguka vijijini kwamba ukianza pampu hutaiacha, na kwamba pampu ni ya mtu anayekaribia kufa. Si kweli. Pampu hupeleka dawa kidogo mahali inapotakiwa, basi. Mwambie mama mkwe hivyo kwa heshima, lakini usimwache akaificha pampu ya mtoto.

Watoto wengi hawawezi kupiga pampu na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa ikaishia ulimini. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walionyesha kuwa chupa ya plastiki ya soda ya nusu lita hufanya kazi hiyo vizuri kama chombo maalumu cha dukani. Oshwa chupa kwa sabuni, iache ikauke yenyewe bila kuifuta ndani. Toboa tako lake kwa waya wa moto, tundu lienee mdomo wa pampu, kisha ziba pembeni kwa gundi au utepe. Mtoto afumbe midomo kwenye mdomo wa chupa. Piga pampu mara moja, naye apumue taratibu mara tano au sita, kisha piga tena. Kamwe isiwe chupa iliyowahi kuwekwa dawa ya ng'ombe au ya pamba.

Usiku wa kubanwa

Mgonjwa akibanwa, mkalishe wima, mlegezee nguo, msimzingire. Mpeni pampu ya kufungua, mivuto 4 hadi 10, mmoja mmoja, kwa kutumia chupa. Kama hapati nafuu, rudieni baada ya dakika 20, lakini mkiwa tayari njiani. Msingoje asubuhi ikiwa hawezi kumaliza sentensi kwa pumzi moja, mtoto anashindwa kunyonya, mbavu zinaingia ndani, midomo inabadilika rangi, au anasinzia. Dalili inayowadanganya watu ni mluzi kunyamaza ghafla huku mgonjwa bado anahangaika. Jamaa hufurahi wakidhani amepona, kumbe mirija imeziba kiasi kwamba hata hewa ya kupiga mluzi haipiti tena.

Kutoka Nyansurura hadi hospitali za Mugumu au Tarime si hatua mbili, na wakati wa masika barabara hutudanganya. Familia yenye mgonjwa wa pumu imalize mambo haya kabla ya Machi: pampu ya akiba ndani ya nyumba, namba ya simu ya mwenye pikipiki au gari anayekubali kuamshwa usiku, na fedha ya nauli iliyofungwa pembeni isiyoguswa hata kwa sukari. Mtoto mwenyewe, kama anasoma, mwalimu wake aambiwe, na chupa yake ya soda iwe na jina.